Bei ya Gaston Murhula

Siku ya kwanza Gaston Murhula alipopangiwa kulinda lango la uwanja wa besiboli kule Bezuidenhout Valley, alidhani anaangalia ugomvi. Mtu mmoja alisimama na gongo begani, mwenzake akamrushia mpira kwa nguvu zake zote kana kwamba ametukaniwa mama, na yule wa kwanza alipoupiga akatupa gongo chini akatimua mbio. Kwenye ngazi za mbao karibu na lango, watu wapatao saba walipiga makofi. Kisha wote wakatulia, na kwa dakika kadhaa hakuna kilichotokea. Gaston, aliyekulia Bukavu kwenye mpira wa miguu, aliona huu ni mchezo wa watu wenye muda wa kupoteza.

Hiyo ilikuwa Septemba 1999, naye alikuwa na miaka thelathini na minane. Alitoka Bukavu vita vilipoingia mjini, akapita Kigoma, Mbeya na Lilongwe, kila mahali akikaa mpaka nauli ipatikane. Alipofika Johannesburg alikuwa na mkewe Clémentine, binti yao mdogo Héritière, na karatasi ya kuomba hifadhi ambayo ilibidi igongwe muhuri upya kila baada ya miezi michache. Walipanga chumba katika fleti moja ya Berea, jiko na bafu wakitumia pamoja na familia nyingine mbili. Clémentine alisuka nywele kwenye saluni ya mtaa wa chini. Gaston aliajiriwa na kampuni ya ulinzi: siku tatu za wiki kwenye ghala la vigae, na Jumamosi na Jumapili, kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, kwenye lango la klabu ya besiboli.

Klabu yenyewe ilikuwa ndogo. Wachezaji hawakulipwa senti. Wao ndio waliotoa ada. Walikuwa mafundi umeme, walimu, wanafunzi wa chuo. Mashabiki walikuja na kutoweka, lakini wawili hawakukosa hata mara moja.

Wa kwanza alikuwa Bwana Cedric Fortuin, mzee wa miaka sabini na mmoja aliyekuja kutoka Bosmont kwa teksi mbili. Alipanga herufi za magazeti kiwandani kwa miaka thelathini na minne, na kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Yeye ndiye alikuwa mwandishi wa mchezo: alikaa na daftari kubwa magotini, akaandika kila mpira uliorushwa, nani ameupiga, umekwenda wapi, nani ameukosa.

Wa pili alikuwa Zolile Mbewu, mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu mwenye kicheko cha taratibu. Alikimbia nchi akiwa kijana, akaishi Morogoro pamoja na wakimbizi wenzake wa siasa, akapelekwa Kuba kusomea uhandisi wa maji, na huko Kuba ndiko besiboli ilikomwingia damuni. Aliporudi Afrika Kusini mwaka 1991 alikuja na mke Mtanzania, Emiliana. Alifanya kazi idara ya maji ya jiji, na kutoka nyumbani kwao Troyeville mpaka uwanjani alitembea kwa miguu.

Ilimchukua Gaston miezi miwili kujua kwamba mtu huyo anasema Kiswahili. Jumapili moja Emiliana alikuja na chupa ya chai na vitumbua kwenye bakuli, akasimama langoni akamwita mumewe: "Baba Nomvula, njoo unipokee, mikono imejaa." Gaston alishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya soko la ugenini.

"Mama, weye ni mtu wa Tanzania?" akauliza.

"Wa Morogoro. Na wewe Mkongo, sikio haliwezi kukosea," akajibu Emiliana, akamwekea vitumbua viwili kwenye karatasi hata kabla ya kumpelekea mumewe.

Kuanzia siku hiyo Zolile hakupita langoni bila kusimama. Alimwita Gaston "ndugu", kwa namna ile ya zamani ya watu wa vyama, na Gaston alimwita "Muzee", ingawa hawakupishana sana miaka. Zolile ndiye aliyemfundisha mchezo. Alimweleza kwamba kuna vituo vitatu na cha nne ni nyumbani, na kazi yote ya mpigaji ni kuondoka nyumbani na kurudi salama. Gaston alisema hiyo ameielewa vizuri. Zolile alicheka kidogo tu.

Kwa kuwa ngazi za mbao zilikuwa hatua chache tu kutoka langoni, Gaston alisikia kila neno la mashabiki, na Kiingereza alichookota njiani kilimtosha kuwafuata. Na mashabiki hao hawakubishana sana kuhusu klabu yao. Walibishana kuhusu Amerika. Zolile alichapisha habari za ligi za kule kwenye mashine ya ofisini, akaja nazo zimekunjwa mfukoni: takwimu za wapigaji, mikataba, nani amehamia wapi. Desemba ya mwaka 2000 alifika na habari iliyowachanganya wote. Klabu moja ya Texas ilikuwa imempa mchezaji mmoja mkataba wa miaka kumi wa dola milioni mia mbili hamsini na mbili.

Ubishi huo ulimaliza msimu mzima wa joto. Ajabu ni kwamba kila mmoja alishika upande ambao mtu asingemtarajia. Fortuin, mtu wa chama cha wafanyakazi, alisema mchezaji huyo amestahili kila senti. Alieleza kwamba kwa karibu miaka mia moja wachezaji wa Amerika walifungwa na kipengele kimoja cha mkataba: klabu ikishakusajili, wewe ni wake mpaka ikuchoke, hata mkataba ukiisha. Ikitaka inakuuza, ikitaka inakuacha uoze benchi. Ni katikati ya miaka ya sabini ndipo wachezaji waliposhinda kesi yao, na tangu hapo mtu akitimiza miaka sita ya utumishi anakuwa huru kwenda kwa yeyote atakayemtaka. Hela zimo ndani ya jengo tayari, alisema Fortuin. Asipopewa anayepiga mpira atapewa mwenye klabu.

Zolile hakukubali. Alisema huko Kuba aliona wachezaji bora duniani wakilipwa kama wafanyakazi wa kiwandani, wanapanda basi moja na mashabiki, na hakuna aliyecheza kwa uvivu. Hakuna binadamu, alisema, ambaye mkono wake una thamani ya shule mia tano. Na huo uhuru wa kwenda popote ndio unaowaacha mashabiki wa miji midogo wakilia kila mwaka, kwa sababu kijana wao wakimlea tu, mji mkubwa unamchukua. Fortuin alimuuliza kama yeye mwenyewe angekubali idara ya maji imzuie kuondoka kwa sababu wateja wamemzoea. Zolile akasema hilo ni jambo jingine. Fortuin akasema halina ujingine wowote.

Gaston alisikiliza akitazama barabara, kama kazi yake ilivyomtaka. Hakuwa na la kusema kuhusu milioni mia mbili. Yeye mshahara wake ulikuwa randi elfu moja na mia tano kwa mwezi, na akijaribu kupima hizo dola kwa mshahara huo akili ilikataa mapema.

Alichokuwa na la kusema kilikuja mwanzoni mwa 2001, na hakikuhusu Amerika. Klabu ilikuwa na vijana wawili waliogombea nafasi moja, ile ya kati ya kituo cha pili na cha tatu ambako mipira hupita kwa kasi. Mmoja aliitwa Ruan, mwingine Denzil. Fortuin alijumlisha daftari lake akatangaza kwamba Ruan amefanya makosa matatu tu tangu Oktoba, na Denzil kumi na moja. Kocha anaomba ushauri, alisema, na daftari limeshajibu: Denzil akae nje. Zolile alisema macho yake yanamwambia Denzil ndiye bora, lakini alipoulizwa macho hayo yameona nini, hakuweza kueleza. Kwa hasira ya kushindwa akageuka langoni.

"Ndugu Gaston, wewe unakaa hapo siku nzima. Unaonaje?"

Gaston alisita. Mlinzi akiulizwa maoni na wateja, jibu la busara ni kutabasamu. Lakini jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni kwa wiki kadhaa.

"Muzee, yule Ruan hakosee juu hafike," akasema polepole, ile "juu" yake ikiwa "kwa sababu" ya watu wa Bukavu. "Mpira ukipita mbali naye anausimamia tu, anauangalia. Kwa daftari hiyo si kosa. Denzil anaukimbilia, anaugusa, unamponyoka. Hiyo inaandikwa kosa. Mutu mwenye kufika ndiye anaandikwa."

Zolile alimtafsiria Fortuin kwa Kiingereza. Mzee aliondoa miwani, akaifuta, akauliza mlinzi alijifunzia wapi kufikiri hivyo.

Ndipo Gaston akasimulia, Zolile akitafsiri, jambo ambalo hata Clémentine alikuwa amelisikia mara moja tu. Kabla ya vita alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la chai, juu milimani nje ya Bukavu. Wachumaji, karibu wote wanawake, walileta vikapu, yeye akapima na kuandika kilo mbele ya jina. Mwisho wa kila mwezi meneja alitaka orodha ya waliokuwa chini ya wastani. Mwezi mmoja orodha ilikuwa na majina tisa, na la juu kabisa, lenye kilo chache kuliko yote, lilikuwa la mama mmoja aliyeitwa Marcelline. Gaston aliandika orodha kwa mwandiko mzuri, akajumlisha bila kosa, akaipeleka. Wote tisa walifukuzwa. Wiki iliyofuata alitumwa kupeleka mbolea upande wa juu wa shamba, akapita kwenye mistari aliyokuwa akichuma Marcelline. Ilikuwa kwenye mteremko mkali, chini ya mikaratusi iliyonyonya maji yote, michai imezeeka, majani magumu kama ngozi. Alijaribu kuchuma mwenyewe kwa nusu saa. Alipata kiganja kimoja cha majani yanayofaa.

"Hesabu yangu ilikuwa sawa," akamalizia. "Sikuandikaka uongo hata gramu moja. Lakini sikuwekaka mahali pa kuandika mlima."

Uwanjani mtu alipiga mpira ukaenda juu sana, ukadakwa, na hakuna aliyeuandika. Fortuin alipogundua hilo aliinamia daftari, akalisogeza karibu na uso, karibu sana, na Gaston akaona kwa mara ya kwanza kwamba mzee haoni vizuri. Fortuin naye akajua ameonekana. Kisukari kilikuwa kimeanza kumla macho tangu mwaka uliotangulia, na hakumwambia mtu, kwa kuwa mwandishi asiyeona ni mtu wa kupewa saa ya ukutani, kushukuriwa na kupumzishwa.

Jumamosi iliyofuata mzee alihamisha kiti chake kutoka ngazi za juu akakiweka kando ya lango. Hakutoa maelezo. Alimwuliza Gaston kwa sauti ya chini mpira umekwenda wapi, Gaston akamwambia, naye akaandika. Baada ya mwezi alikuwa akimpa penseli. Katika ukurasa wa pembeni walichora safu mpya, ya mipira iliyopita bila kufikiwa na jina la aliyekuwa karibu nayo. Msimu ulipokwisha safu hiyo ilionyesha kwamba mipira iliyompita Ruan ilikuwa ishirini na sita zaidi ya iliyompita Denzil. Kocha alimweka Denzil, na Ruan akahamishiwa kituo cha kwanza, ambako hakuna wa kumlaumu kwa kutokimbia. Alicheza vizuri zaidi huko. Gaston alifurahi hasa kwa hilo la Ruan.

Mwaka wote uliofuata Gaston aliandika mchezo huku akilinda lango. Magari aliyafungulia, madaftari aliyajaza, na hakuna kilichoibwa. Alianza kuzungumza Kiingereza cha mzee Fortuin, chenye maneno ya kiwandani, na nyumbani Héritière alimcheka kwa lafudhi hiyo. Clémentine alimwambia rafiki zake saluni kwamba mume wake siku hizi huamka Jumamosi kabla ya saa kulia.

Februari 2002, msimamizi wa kampuni ya ulinzi alipita na gari akamkuta mlinzi wake amekaa kwenye kiti, penseli mkononi, akibishana na wateja kuhusu kama mpira fulani ulikuwa kosa au la. Hakumfokea. Alirudi baada ya wiki mbili na barua. Kuanzia tarehe moja Aprili, Gaston Murhula angehamishiwa maegesho ya jengo moja la maduka kaskazini mwa jiji, siku sita kwa wiki. Barua ilisema kampuni ina desturi ya kuwabadilisha walinzi waliozoeana mno na eneo la kazi.

Zolile aliisoma barua hiyo mara mbili, akasema jambo hili ni rahisi: klabu imwajiri Gaston yenyewe, awe mlinzi na mwandishi, hela zilezile inazolipwa kampuni zimfikie mkononi, na bila shaka zitazidi mshahara wake. Fortuin aliunga mkono. Kamati ikaitishwa Jumapili jioni ndani ya chumba cha klabu, watu saba kuizunguka meza, Fortuin na Zolile wakiwamo, na Gaston akaambiwa akae karibu na mlango, asikie.

Mweka hazina alikuja na mkataba kati ya klabu na kampuni, akasoma kipengele cha kumi na nne. Kilisema kwamba mteja haruhusiwi kumwajiri mlinzi yeyote wa kampuni ndani ya miezi kumi na miwili tangu mlinzi huyo aondoke, isipokuwa ailipe kampuni mishahara ya miezi mitatu ya mlinzi huyo kama fidia. Akapiga hesabu pembeni ya karatasi. Mshahara wa Gaston ulikuwa umefika elfu moja na mia sita, kwa hiyo fidia ilikuwa randi elfu nne na mia nane.

Gaston alimwona Fortuin akigeuza uso wake usioona vizuri kuelekea upande wa Zolile, na Zolile akitazama meza. Miezi kumi na minne walikuwa wamebishana kuhusu wachezaji waliofungwa kwa kipengele cha mkataba, na mtu aliyewafungulia lango alikuwa amefungwa na kipengele ambacho klabu yao wenyewe ilikitia saini.

Walijadiliana kwa dakika arobaini. Hakuna aliyesema neno baya. Mwenyekiti, daktari wa meno mwenye sauti ya upole, alisema Gaston ni mtu wa pekee na klabu ina deni la shukrani kwake. Mwingine alisema uzio wa nyuma umeanguka na utahitaji hela hizohizo. Mwingine aliuliza, kwa adabu, kama si kweli kwamba kampuni ingeleta mlinzi mwingine bila gharama yoyote. Fortuin alisimama akasema wanunue uzio mwakani. Kura zikapigwa: watatu walisema ndiyo, wanne hapana.

Gaston alitoka nje kabla ya wengine. Alichokihisi hakikuwa hasira, na hilo lilimshangaza. Alikuwa akifikiria ile elfu nne na mia nane. Tangu atoke nyumbani ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akitaja kwa sauti kiasi anachothaminiwa, na akajua pia kwamba hela hiyo, hata ingelipwa, isingepita mikononi mwake. Ingetoka klabu ikaenda kampuni, juu ya kichwa chake, kama mpira unaodakwa na wengine.

Zolile alimfuata mpaka langoni. Alikuwa na haya, akajaribu kuificha kwa kusema haraka. Yeye na Emiliana wana akiba kidogo, alisema. Angeilipa kampuni mwenyewe kesho asubuhi, na kamati isingeweza kukataa.

"Asante, Muzee," Gaston akasema. "Lakini ukinilipia weye, nitakuwa wako. Leo hautasema. Mwaka kesho pia hautasema. Lakini mimi nitajua."

Zolile alitaka kubisha, akaacha. Walisimama pamoja pale mpaka Emiliana alipokuja kumchukua mumewe.

Gaston akaenda kaskazini. Maegesho yalikuwa ya saruji, chini ya ardhi, na kazi yake ilikuwa kuonyesha magari nafasi zilizo wazi. Alisafiri saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Wiki za kwanza alijikuta akihesabu bila kukusudia: magari mangapi yanakwenda kwenye nafasi aliyoonyesha, mangapi yanapita. Kisha hata hamu ya kuhesabu ikamtoka. Jumapili zake za mapumziko alilala. Msimu wa baridi ukaja ukapita, na Zolile alipompigia simu saluni kwa Clémentine, Gaston aliagiza aambiwe hayupo.

Clémentine alivumilia hilo mara tatu. Mara ya nne alimngoja amalize kula, akamwambia anachofikiria. Alikuwa amepata kibanda cha kupanga Bertrams, karibu na taa za barabarani za kona, zile wenyeji wanazoziita robot, kikubwa kuliko kiti chake cha saluni. Wasukaji wawili walikuwa tayari kuhamia naye. Alichokosa ni mtu wa kununua nywele bandia kwa bei ya jumla mjini, kuandika nini kinaisha upesi na nini kinakaa rafuni, na kukaa mbele wakati wanawake wanafanya kazi.

Gaston alisema mshahara wa kampuni ndio unaolipa kodi ya nyumba. Alisema karatasi zao bado ni za kuombea hifadhi, na mtu asiye na kazi ya kuandikwa huonekana vibaya. Alisema na mengine. Clémentine alimsikiliza mpaka yakaisha.

"Papa Héritière," akasema, "kwangu hakuna mukataba. Ukitaka kwenda, unaenda. Ukibaki, ni juu umetaka. Na Jumamosi mchana kibanda nitakiweza mwenyewe."

Gaston alilala na maneno hayo wiki nzima. Jambo lililompa shida halikuwa hofu ya njaa, maana njaa aliijua. Ni kwamba tangu aliposhika kalamu ya mizani akiwa kijana, siku zote alikuwa mtu wa mwenye kitu: wa shamba, wa ghala, wa lango. Hakujua atakuwa mtu gani asipokuwa wa yeyote. Mwisho wa Septemba aliipeleka barua ya kuacha kazi ofisini kwa kampuni. Karani aliipokea, akagonga muhuri, akamwambia arudishe sare mbili, mkanda na firimbi. Ilichukua dakika nne. Alikuwa amejiandaa kwa saa nzima ya maswali, akabaki amesimama kaunta mpaka karani akamwuliza kama kuna jambo jingine.

Miezi ya mwanzo ya kibanda ilikuwa migumu. Mwezi wa Novemba walikula ugali na mboga za majani kwa siku kumi na tisa mfululizo, na Héritière alianza kuwaambia wenzake shuleni kwamba hapendi nyama. Lakini ilipofika Desemba, wanawake walipotaka nywele za sikukuu, Gaston alikuwa ameshaona ni rangi gani huisha kwanza, akanunua hizo mapema wakati maduka ya mjini bado yanazo. Hawakutajirika. Walilipa kodi ya nyumba mbili, ya kulala na ya kufanyia kazi, na hawakukopa.

Jumamosi ya pili ya Januari 2003 alirudi uwanjani, akiwa amevaa shati alilopigiwa pasi na Clémentine. Langoni alikuwepo mlinzi mpya, mwanamke wa makamo kutoka Limpopo aliyejitambulisha kwa jina la Tshilidzi. Alikuwa amesimama juani, ameufungua mlango wa uzio kwa mkono mmoja na kujikinga macho kwa mwingine. Gaston alimwonyesha kwamba baada ya saa saba kivuli cha ngazi hufika kwenye nguzo ya kushoto, na kwamba bomba la nyuma ya chumba cha klabu lina maji mazuri kuliko lile la mbele. Alimwambia pia gari jeupe la mwenyekiti halina haja ya kusimamishwa, lakini akilisimamisha, mwenyekiti hatakasirika. Tshilidzi alimuuliza alijuaje yote hayo. Gaston alisema aliwahi kufanya kazi hapo.

Fortuin hakuwa anaona tena ila mwanga na giza. Alikuwa bado kwenye kiti chake kando ya lango, na daftari, ambalo mtu mwingine alilijaribu kwa nusu msimu na kulichafua, lilikuwa magotini mwake limefungwa. Alijua ni Gaston kwa hatua zake. Hakusema kwamba alimkosa. Alisema tu kwamba kuna michezo tisa haikuandikwa ipasavyo na ni aibu.

Zolile alikuwa na karatasi zake mfukoni. Wachezaji wa Amerika, alieleza, mwaka uliopita nusura wagome, mamilionea wakigoma, je, ndugu Gaston anaona hilo ni haki? Fortuin akaanza kujibu kabla ya swali kwisha. Wakabishana juu ya kichwa cha Gaston kama zamani, na baada ya muda Zolile akamgeukia akamtaka aamue, kwa kuwa sasa yeye ndiye mfanyabiashara kati yao.

Gaston alifikiri kidogo. Alisema bado haelewi hela nyingi namna ile, na akiwaza mtu mmoja kuwa nazo anaona kizunguzungu. Zolile akatikisa kichwa kwa ushindi. Lakini, Gaston akaongeza, siku ile kwenye chumba cha klabu alikaa mlangoni akasikia bei yake ikijadiliwa na watu wema, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza yeye anataka nini. Angetaka mchezaji aulizwe. Akishaulizwa, na aseme atakalo, hata likiwa la kichaa.

Zolile alikunja karatasi zake akazirudisha mfukoni, na Fortuin, ambaye alikuwa ameshinda ubishi, hakujisifu.

Uwanjani Denzil alikuwa anafunga kamba za viatu. Mrushaji alipanda kwenye kilima chake cha udongo. Gaston alichukua daftari kutoka magotini mwa mzee, akatafuta ukurasa safi, akachora mistari kwa kutumia ukingo wa karatasi yake ya hifadhi iliyokunjwa.

"Upepo unatoka wapi?" Fortuin akauliza.

"Kutoka upande wa Kensington, Muzee. Mdogo. Unasukuma kuelekea kituo cha tatu."

"Andika na huo," akasema mzee, akaegemea kiti chake, akangoja kuambiwa.